Bolti za fenda na betri za volti tisa

Gari likilala Kunduchi, bahari inalilamba usiku kucha. Asubuhi nikipitisha kidole kwenye kioo cha mbele kinarudi na utando unaonata, na nikikionja ni chumvi. Bodi ina rangi, inajitetea. Bolti hazina mtetezi. Kutu huanzia kwenye kona za kichwa, pale spana inapokwaruza, kisha inashuka taratibu kwenye nyuzi, na siku ukitaka kufungua unasikia ule mlio wa kukatika ambao kila fundi anaujua tumboni kabla haujafika masikioni.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Gereji yetu iko Tegeta, naishi Mtongani, hapo hapo Kunduchi, Dar es Salaam, na naendesha Toyota Altezza ya rangi ya fedha aliyoniachia kaka yangu mwaka 2019 alipohamia Mwanza. Aliponikabidhi ufunguo aliniambia jambo moja tu: "Kutu isiingie humo, mdogo wangu." Nimebadilisha bushi, nimebadilisha taa, nyaya za koili nimezisuka upya kwa mikono yangu. Lakini kila nikifungua boneti, zile bolti za fenda, mabati ya juu ya matairi ya mbele, za spana namba kumi, zilizojipanga kushoto na kulia, zilikuwa zinanitazama na kutu zao.

Wazo la kuzibadilisha kwa bolti za metali ya titani lilitoka ndani ya gari lenyewe. Injini ya 3S-GE ya Altezza ya gia za mkono, kama yangu, ina valvu za titani, za kuingiza hewa na za kutolea moshi, tangu gari hilo lilipotoka mwaka 1998. Honda walikuwa wametangulia kutumia titani kwenye NSX ya 1990, wao kwa koneti, zile fito zinazounganisha pistoni na kranki. Kwa hiyo nimekuwa nikibeba titani kutoka Mtongani hadi Tegeta miaka yote hii bila kuiona, imefichwa chini ya kifuniko cha injini. Nikataka na mimi niwe na ile inayoonekana. Uzito haukuwa hoja. Titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo na chuma cha pua kina karibu 8, lakini kwa bolti kumi na mbili ndogo tofauti hiyo hailifanyi gari likimbie zaidi. Hoja yangu ilikuwa chumvi. Maji ya bahari hayaiwezi titani. Na hoja ya pili, nakiri kwa moyo mweupe, ilikuwa rangi.

Rangi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu hakuna rangi iliyopakwa.

Titani ikikutana na hewa hujivika yenyewe ngozi nyembamba ya oksidi. Oksidi hiyo ni titani dayoksaidi, ileile inayotiwa kwenye rangi ya ukutani ili iwe nyeupe. Ikiwa ngozi tu juu ya metali, haina weupe wowote, inapitisha mwanga kama kioo. Sasa ukiichovya titani kwenye maji yanayopitisha umeme, ukaifunga upande wa chanya wa betri, oksijeni inavutwa pale na ile ngozi inanenepa. Kila volti moja inaongeza karibu nanomita 2. Kwa volti 27 unapata ngozi ya nanomita hamsini na kitu, na unywele wa kichwani ni mnene karibu mara elfu moja zaidi. Mwanga ukipiga hapo, sehemu inarudi kutoka juu ya ngozi, sehemu nyingine inapenya na kurudi kutoka kwenye metali iliyo chini. Sehemu hizo zinapokutana njiani, rangi nyingine zinauana na nyingine zinapeana nguvu. Kinachobaki ndicho jicho linachoona.

Waliokulia gereji wameiona kazi hii bila kuambiwa. Masika, dimbwi limetuama mbele ya geti, tone la dizeli limedondoka, na ghafla kuna zambarau na kijani vinavyotembea juu ya maji machafu. Dizeli haina zambarau. Ni wembamba wake. Nilipoelewa kwamba bolti na dimbwi ni jambo moja, nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikasahau chai yangu.

Na titani yenyewe haitoki mbali. Fungoni, upande wa Kigamboni, mchanga una ilmenaiti na rutaili, madini ambayo titani hutolewa humo. Wenzetu wa Kwale, Kenya, walichimba mchanga wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka kumi hadi 2024. Gharama iko kwenye kuugeuza mchanga uwe metali, kazi inayohitaji klorini, magnesi na joto kali. Ndiyo maana bolti isiyozidi kidole kidogo ina bei ya kukufanya uishike kwa heshima.

Bei hiyo niliilipa mara mbili.

Mara ya kwanza niliagiza mtandaoni, bolti kumi na mbili za kijivu, maelezo yakisema ni titani tupu. Zilikaa njiani wiki tatu, nikazifuata kwa wakala wa mizigo Kariakoo, nikarudi nazo kwenye daladala nimezishika mapajani kama mayai. Usiku huohuo nikachanganya maji, nikaunganisha betri, nikachovya ya kwanza. Nilisubiri buluu. Maji yakaanza kuwa njano kuzunguka kichwa cha bolti, njano ikawa kahawia, na baada ya dakika chache kopo lilikuwa kama limetiwa chai ya rangi. Nikadhani nimekosea nyaya. Nikabadilisha. Nikaongeza betri. Bolti ikatoka na vidoa vyeusi, imeliwa pembeni.

Kesho yake nilikwenda nayo kazini mfukoni. Dogo tunayemfundisha kazi aliichukua akaisogeza kwenye sumaku ya spika mbovu iliyokuwa mezani. Tak. Ikaganda.

"Dada fundi, hii inashika."

Nilijua kabla hajamaliza. Titani haishikwi na sumaku. Niliyokuwa nayo ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa juu, na ule ukahawia majini ilikuwa kutu, kutu ileile niliyokuwa naikimbia, nimeitengeneza mwenyewe kwa betri. Muuzaji nilimwandikia mara tatu, hakujibu. Iliniuma sana, na kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba sumaku ilikuwa pale mezani wiki zote tatu.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujagusa betri, hakikisha ulicho nacho. Sumaku ni hatua ya kwanza tu, maana vyuma vya pua vingi navyo havishikwi. Pima uzito. Mimi nilitumia mzani wa jikoni wa mama mwenye nyumba, ule wa kupimia unga wa keki: weka bolti kumi za chuma cha pua, kisha kumi za hiyo unayoambiwa ni titani, za saizi ileile. Titani itakuwa nyepesi kwa zaidi ya theluthi moja. Ukiwa na moja ya kuipoteza, iguse kwenye jiwe la grainda. Cheche za titani ni nyeupe, zinang'aa kama fataki. Za chuma ni za rangi ya chungwa. Ukiziona mara moja huzisahau.

Za pili nilizipata kwa mzee mmoja anayeingiza spea za pikipiki kubwa kutoka Japani, maana wenye pikipiki za mashindano walianza siku nyingi kufunga titani. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu yote pamoja na habari ya sumaku. Akacheka kwa huruma, akavuta droo. "Chukua, binti, zijaribu kwanza hapa hapa ndipo ulipe." Nilizijaribu zote kumi na mbili mbele yake, na hakuchukia.

Vitu vingine vyote vilitoka jikoni na dukani kwa Mangi. Bekingi soda, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji. Usitie chumvi ya mezani hata kidogo, umeme ukipita humo unaweza kutoa gesi ya klorini. Shangazi aliniuliza kwa nini nisitumie magadi yake ya kuivishia maharage, na kwa kweli magadi na bekingi soda ni ndugu wa damu, ila magadi yana mchanga na chumvi nyingine ndani yake, nikamwomba anisamehe. Maji nilitumia ya betri, yale meupe ya kuongezea yanayouzwa sheli, si asidi, nakuomba usichanganye. Ya bomba letu yana chumvi yake. Kopo la plastiki la siagi. Foili ya jikoni, nikaikunja ikazunguka ukuta wa kopo kwa ndani, hiyo ndiyo inafungwa upande wa hasi. Nyaya mbili zenye klipu za meno. Na betri za volti tisa, zile za mraba zinazokaa kwenye mita yangu ya kazini, nilinunua kumi.

Uzuri wa betri hizo ni vichwa vyake. Kichwa kimoja dume, kimoja jike, unazibana moja juu ya nyingine zinapandana, na kila moja inayoongezeka inaleta volti zake tisa. Betri tatu ni 27. Sita ni 54. Kumi ni 90, na hapo acha kabisa kuichukulia kama mchezo. Mimi umeme ni kazi yangu, na bado nilivaa glavu za mpira, kavu, na sikuwahi kutia mkono majini kabla ya kutoa klipu. Kwenye ile foili hutoka mapovu ya haidrojeni, kwa hiyo fanyia kazi barazani penye hewa, moto wa jiko uwe mbali. Betri zikibaki zimebanana, zitenganishe kabla hujalala.

Sasa kuosha. Hapa ndipo nataka nikushike mkono, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo.

Unaosha bolti kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, unasugua mpaka povu liwe jeupe tupu. Unasuuza. Kisha unaifuta kwa asetoni, dawa ile ya kutolea rangi ya kucha, isiyo na mafuta wala manukato. Kisha maji ya betri. Maji yakitandaa juu ya kichwa cha bolti kama karatasi moja, imetakata. Yakijikusanya matone matone, kuna mafuta, rudi mwanzo. Na kuanzia hapo kidole kisiiguse tena. Bolti ya kwanza ya kweli niliiosha vizuri, kisha dogo, kwa upendo wake, akaichukua aniwekee kwenye klipu. Ilipotoka majini ilikuwa ya buluu pande zote isipokuwa sehemu moja, na pale palikuwa na alama ya kidole gumba chake. Mistari yote ilionekana, mizunguko yote, kama imechapwa kwa wino hafifu. Tuliiangalia wote wawili kwa muda mrefu. Mafuta ya ngozi, ambayo hata macho hayayaoni, yalitosha kuubadilisha unene wa ile ngozi mpaka kitambulisho cha mtu kikabaki humo.

Kosa jingine lilikuwa langu. Nilizamisha bolti na klipu yake pamoja. Shaba ya klipu ikizama majini upande wa chanya inaliwa, na umeme wote unakimbilia kwake badala ya kwenda kwenye titani. Maji yakapata ukijani, klipu ikaota ukungu, bolti ikabaki na rangi ya udongo. Kinachoingia majini kiwe titani peke yake. Kwa bolti ni rahisi: bana klipu kwenye nyuzi, kichwa kielekee chini, zamisha kichwa tu. Nacho ndicho kinachoonekana gari likifungwa. Angalia tu kisigusane na foili.

Usiku wa bolti ya tatu nilikuwa peke yangu. Betri tatu. Nilipitisha mita katikati ya waya nione umeme unavyokwenda. Nikashusha kichwa cha bolti kwenye maji chini ya taa.

Kwanza viputo vidogo, kama maji ya chai yanayokaribia kuchemka, vikafunika kichwa chote. Namba kwenye mita ikaruka juu. Halafu kijivu kikapata joto fulani, kikawa rangi ya shaba kuukuu, na shaba ikaanza kuiva, ikawa zambarau iliyokolea kama bilinganya, ikianzia kwenye kingo na kuingia katikati. Nilizuia pumzi. Zambarau ikapauka upande mmoja na kutoka ndani yake ikaja buluu, ya usiku kwanza, kisha ya bahari ya Kunduchi saa nne asubuhi jua likiwa limepanda. Viputo vikapungua. Namba kwenye mita ikashuka, ikashuka, ikakaribia sifuri. Ngozi ilikuwa imefika unene wake, na oksidi haipendi kupitisha umeme, kwa hiyo kazi ilijifunga yenyewe. Hesabu ni sekunde kama ishirini hivi. Nilitoa klipu, nikasuuza, nikaishika kwa kitambaa, na nilipoigeuzageuza ile buluu ilikuwa inasogea pamoja na mwanga.

Nilienda kumgongea mama mwenye nyumba saa tano usiku nimwonyeshe. Alifungua na khanga begani, akaitazama, akasema "Mashallah," akaniambia nikalale.

Kwa siku zilizofuata nilipanda ngazi yote kwa bolti moja ya majaribio. Volti 18 ni zambarau yenye shaba ndani yake. 27 buluu. 36 samawati nyepesi. 45 inapauka karibu ifanane na fedha. 54 njano ya limau bivu, na 63 dhahabu yenyewe. 72 waridi. 81 zambarau tena, lakini changa, ya maua. 90 buluu inayoingia kwenye kijani. Bolti zangu ni za daraja la tano, zenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, na rangi zake hutulia kidogo kuliko za titani tupu. Mimi nazipenda hivyo. Nyekundu ya damu hutaipata kwa njia hii, wala nyeusi. Hazimo kwenye ngazi.

Na ngazi hii ni ya kupanda tu. Bolti yenye dhahabu ukiirudisha kwenye betri tatu haibadiliki, ngozi haipungui. Ukitaka kuanza upya lazima uitoe, na mimi nilitumia msasa laini kwa subira. Viwandani wanatumia asidi ya haidrofloriki. Hiyo usiitafute, usiikubali hata ukipewa bure. Inapenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili mpaka mifupani, na maumivu yanaweza kuchelewa kuja wakati madhara yameshaingia.

Wengi mtaniuliza kuhusu nati za tairi. Nimeulizwa tayari, kwa sababu zikiwa za buluu zingependeza sana. Jibu langu ni hapana, mpaka uwe na uhakika wa kiwanda kilichozitengeneza na nguvu zilizopimiwa. Toyota nyingi ndogo zinataka nati ikazwe kwa nyutonimita 103, na anayebebwa na nati hiyo ni mwanao kiti cha nyuma. Breki na saspensheni vilevile. Titani ya rangi ikae fenda, boneti, namba ya gari, kifuniko cha betri. Na unapoifunga, paka grisi ya shaba kwenye nyuzi, kwa sababu titani ikisuguana kavu huwa inang'ang'aniana na nyuzi za mwenzake hadi zinaumana zisifunguke tena. Ikigusana na alumini kwenye hewa yetu hii ya chumvi, itakayoliwa ni alumini. Nati za alumini zile za rangi nazo hazichovywi hivi. Zinatumia asidi na rangi ya kutiwa, ni somo jingine.

Nimefunga kumi na moja za buluu. Ile yenye kidole gumba nilitaka kuisugua nianze upya, lakini nikaifunga kama ilivyo, upande wa dereva, ya mwisho karibu na kioo. Dogo kila akifungua boneti anaianza hiyo.

Jumapili nilimtumia kaka picha. Alipiga simu hapohapo, hakusalimia vizuri, akataka nimweleze kuanzia mwanzo, na nilipofika kwenye viputo akaninyamazia kabisa kama nilivyonyamaza mimi usiku ule. Ana pikipiki huko Mwanza, na anazo bolti nane ambazo mtu alimuuzia kwamba ni titani. Anataka ziwe dhahabu. Betri saba zipo. Nimemwambia azipitishe kwenye sumaku kwanza, ndipo azitume.